Jenerali Ambaye Hakuwapo

Nani hushinda vita? Swali hili Veit Anselm Trauneck aliliuliza mara nyingi maishani, na kila alipoliuliza watu walicheka kwa heshima, kama wanavyocheka mbele ya mkubwa anapotania, kisha wakamjibu: wewe, Mheshimiwa, wewe ndiye unayeshinda. Naye alitazama pembeni, akimtafuta huyo waliyekuwa wakisema naye.

Aliishi katika karne ya kumi na nane, huko Austria, au katika nchi iliyoota kwamba yenyewe ni Austria. Ilikuwa nchi ya makoti meupe ya kijeshi na milima iliyokaa kimya, ambako vita vilitangazwa kwisha makanisani huku watu wakiendelea kufa barabarani. Sina hakika na miaka. Katika nchi ile miaka ilitembea kama askari waliochoka, mmoja akiegemea bega la mwingine, wengine wakibaki nyuma na kufika baada ya wenzao kuondoka. Trauneck mwenyewe, alipokuwa mzee, kuna asubuhi aliamka akidhani bado ni kadeti, akaita aletewe viatu ambavyo miguu yake ilikuwa imevikataa zamani. Jambo moja tu halikusogea kutoka mahali pake, nalo ni asubuhi ya ukungu pale mtoni. Miaka mingine yote ilipita. Asubuhi ile ilikaa.

Alizaliwa katika nyumba ya kikabaila iliyobakiwa na jina na kuta zenye unyevu. Babake alimpeleka jeshini kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa, na jeshi likampokea kwa sababu ya lile jina. Akawa kadeti, kisha luteni, kisha kapteni, kisha kanali wa rejimenti ya wapanda farasi. Mtu akikuambia kwamba alipanda kwa ushujaa, anakudanganya bila kujua. Alipanda kwa unadhifu. Farasi wake waling'aa, sauti yake ilifika mbali uwanjani, na hakuwahi kubishana na mkubwa wake. Alilinda madaraja, alisindikiza mabalozi, alikaa kwenye vituo vya mpakani ambako adui mkubwa alikuwa baridi. Alipokuwa kanali, nywele zimeanza kuingia mvi, alikuwa bado hajaviona vita kamili kwa macho yake.

Je, mtu anaweza kuishi nusu ya maisha yake bila kukutana na nafsi yake? Anaweza. Wengi hufa hivyo, na makaburi yao yana maneno mazuri. Trauneck alikutana nayo.

Waprusi walikuwa ng'ambo ya mto, mahali penye maji haba ambapo farasi angeweza kuvuka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alisikia farasi wa jirani yake akipumua na asimwone. Amri ilikuwa fupi: tarumbeta ikilia, Trauneck atangulie, rejimenti imfuate. Yeye alikuwa amempanda farasi wa kijivu, mrefu kuliko wote, ambaye askari walimjua kama wanavyoijua bendera.

Kabla ya tarumbeta alishuka ili aukaze mkanda wa tandiko. Mkanda haukuwa umelegea. Aliushika, akauvuta, akasimama. Alipotaka kupanda tena, mguu haukuinuka. Hakuhisi hofu, hilo ndilo lililomshangaza baadaye. Alihisi utulivu mkubwa, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Aliutazama mguu wake, akauambia: panda. Mguu ukakaa pale pale kwenye matope.

Mzinga ukalia upande wa pili. Farasi wa kijivu akashtuka, akainua miguu ya mbele, akatoka mbio kuelekea mtoni, tandiko tupu mgongoni.

"Kanali ameshatangulia!" mtu alipiga kelele ndani ya ukungu. "Kanali huyo! Mfuateni!"

Rejimenti nzima ikaondoka. Ardhi ilitetemeka. Walimpita huku na huku, kivuli baada ya kivuli, hakuna aliyemwona, kwa maana hakuna aliyetazama chini. Wote walitazama mbele, kwenye mkia wa kijivu uliokuwa ukiyeyuka mbele yao. Trauneck akageuka, akatembea. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayerudi nyumbani, mpaka mikono yake ikagusa ukuta wa mawe. Lilikuwa zizi la kondoo. Akaingia.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya manyoya mabichi. Mwanamke mwenye kondoo wale, mjane aliyeitwa Apolena, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo mkononi. Hakushangaa kumwona. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na wanyama:

"Kaeni chini. Msiwatishe kondoo."

Trauneck akakaa kwenye nyasi. Alidhani ameambiwa *kaeni* kwa heshima, kama watu wa chini walivyozoea kumwongelesha afisa kwa wingi, na hata katika saa ile jambo hilo lilimfariji kidogo. Akayafumba macho yake. Kondoo walimsogelea, wakamwegemea pande zote. Kule mtoni watu walikuwa wakiuana, na yeye alikuwa akisikia moyo wa kondoo ukidunda ubavuni mwake, akifikiri: huu ni moyo wangu, huu ni moyo wa kondoo, nani ataniambia tofauti?

Sauti zilipokwisha alitoka. Ukungu ulikuwa umepanda. Alitembea kuelekea mtoni akiwa tayari kukamatwa. Alikuwa ameshatunga maneno. *Mabwana, nilibaki nyuma.* Maneno machache, mtu angeweza kuyasema kwa pumzi moja. Lakini wa kwanza kumwona alikuwa Kapteni Lenhart Straub, msaidizi wake, kijana mwenye damu usoni isiyokuwa yake. Straub alimkimbilia, akamshika mabega, akalia.

"Tulidhani umekufa! Tulimwona farasi peke yake upande wa pili, tukasema wamekuangusha katikati yao. Umetokaje humo, Bwana Kanali? Umetokaje?"

"Straub," alisema Trauneck, "mimi..."

"Wamekimbia, bwana! Walipoona farasi bila mtu, na sisi nyuma yake tukiwa kama wendawazimu, walidhani tunataka kulipiza kisasi. Wamekimbia wote!"

Kisha Straub akaona manyoya kwenye koti la kanali wake. Akayapangusa kwa mkono, polepole, kwa upendo, bila kujiuliza yametoka wapi. Na nyuma yake rejimenti ikaanza kushangilia jina la Trauneck. Yule aliyekuwa na maneno machache mdomoni akasubiri kelele zipungue ili ayaseme. Hazikupungua. Akayameza.

Nataka kusimama hapa kidogo. Watu husema uongo ni kitu mtu anachokisema. Mimi naona uongo mkubwa haumhitaji mtu kufungua mdomo. Unamkuta amesimama, unamvika, unamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtumishi hodari, na anapojitazama kwenye kioo anaona umemkaa vizuri.

Jioni ile ile, ukumbini mwa hoteli ndogo ya kijiji, aliletwa mbele yake askari wa rejimenti yake. Alikuwa kijana mpana wa mabega, kutoka milimani, jina lake Blasius Oberlechner. Doria ilikuwa imemkuta amejificha wakati wa vita. Sheria ya jeshi haikuwa na maneno mengi juu ya watu kama hao: hupigwa risasi, isipokuwa kanali wao akiwasamehe. Maafisa walikaa kwenye benchi. Trauneck alikaa katikati, mbele yake kikombe cha mvinyo uliochaguliwa kwa ajili ya ushindi.

Straub ndiye aliyeuliza maswali.

"Unatoka wapi?"

"Bonde la Valtrein, bwana."

"Ulikuwa wapi wenzako walipovuka?"

"Zizini, bwana. Kwenye zizi la kondoo la yule mjane."

Kikombe cha Trauneck kiligonga meza. *Kaeni chini.* Basi halikuwa neno la heshima. Walikuwa wawili.

"Peke yako?" aliuliza Straub.

Blasius aliinua macho. Hayakuwa na chuki, na hilo ndilo Trauneck alilolibeba mpaka kaburini: macho yale hayakuwa na chuki hata kidogo. Yalimtazama yeye, si Straub, yakatulia juu yake kwa muda, kama mtu anayemtambua jirani yake katika mji wa ugeni.

"Na kondoo, bwana," alisema.

"Hakukuwa na mtu mwingine?"

"Kulikuwa na ukungu. Sikuona mtu."

Straub akamgeukia kanali wake, akangoja. Jambo lilikuwa jepesi. Siku ile angeomba chochote angepewa. Angesema *mwacheni huyu*, na maafisa wangeinua vikombe na kusifu huruma ya mshindi. Lakini wangeuliza kwa nini. Au wasingeuliza, na yeye angesikia swali hilo katika kila ukimya wao. Aliuona mguu wake tena kwenye matope. Uso ukamwaka moto. Hakuweza kuyatazama macho ya yule kijana, akainamisha kichwa.

Aliinamisha kwa aibu. Maafisa walidhani amekubali.

"Hukumu imethibitishwa," alisema Straub kwa huzuni, na walinzi wakamshika Blasius mikono.

Angeweza kuinua kichwa. Hapo ndipo maisha yake yote yalipokuwa, kati ya kichwa kilichoinama na kichwa ambacho kingeinuka. Alisikia buti zikielekea mlangoni. Alisikia mlango. Alisema moyoni: nitasema wakifika nje. Alisema: nitasema asubuhi. Asubuhi alisikia bunduki zikilia pamoja nyuma ya ghala, akasema: sasa nitasema nini?

Wakamfanya jenerali.

Tangu hapo walikuwa wawili. Kulikuwa na Jenerali Trauneck, aliyevuka mto mbele ya watu wake, akaangushwa katikati ya maadui na kutoka mzima. Huyo alichorwa akiwa juu ya farasi, hadithi yake ikafundishwa kwenye vyuo vya makadeti, akabusiwa mkono na wanawake waliopoteza waume zao. Na kulikuwa na Veit, aliyemfuata nyuma kila mahali akiwa na koti lake mkononi. Jenerali alipohutubia, Veit alisikiliza. Jenerali alipotuzwa nishani, Veit alihisi pini ikimchoma. Na askari waliompenda Jenerali walimpenda kweli! Wangekufa kwa ajili yake. Hilo lilimtisha kuliko mizinga.

*Nani huyo wanayemwita? Mimi sipo. Niliondoka. Tafuteni zizini. Hapana, hata huko hayupo; aliyekuwa huko mlimpiga risasi.*

Miaka ikapita, au ilikaa mahali pamoja naye akapita. Vita na Waprusi vikaisha, vita na Waturuki vikaanza. Jenerali Trauneck akatumwa kuizingira ngome moja ya mpakani, juu ya mto mpana wa rangi ya udongo. Ukuta wake ulikuwa mnene. Mhandisi wa Jenerali, Desiderius Fahl, mtu mwembamba aliyependa kuchora kuliko kusema, alichimba mahandaki na kupanga mizinga, na kila siku ukuta ulipoteza mawe machache.

"Unahitaji subira kidogo tu, Mheshimiwa," Fahl alimwambia. "Wiki moja, labda mbili. Tundu bado ni jembamba. Watu wakiingia sasa watapita kama maji kwenye shingo ya chupa, na wale wa juu watawamwagia moto."

"Nani ataingia wa kwanza?"

"Wakati ukifika, askari wa kujitolea, kama kawaida. Si wewe."

"Nitaingia mimi. Kesho."

Fahl alidhani amesikia vibaya. Maafisa walimsihi. Lakini walipotoka hemani habari ilikuwa imeshafika kwa askari, nao wakapiga kelele za furaha kambini kote, kwa kuwa Trauneck wa mtoni angewatangulia tena. Ni Veit aliyekuwa akisema siku ile, si Jenerali. Veit aliyengoja kwa miaka yote apewe ukuta, moto, na miguu itakayotii. Alitaka mara moja tu awe pale ambapo watu walisema yupo.

Akawa pale. Alipanda kifusi cha mawe akiwa mbele ya wote, upanga mkononi, na miguu yake ilitii kila hatua. Alihisi furaha ambayo sina haki ya kuidharau. Risasi zilimpita masikioni. Mafuta ya moto yalimwagika kulia kwake, kushoto kwake. Aliingia ndani ya ngome bila jeraha, hata kofia haikuanguka, akageuka ili kuwaita watu wake.

Tundu lilikuwa limejaa. Walikuwa wamelaliana ndani yake, makoti meupe juu ya makoti meupe, baadhi wakiwaka, baadhi wakisogea, na wale wa nyuma walikuwa wakipanda juu yao kumfuata yeye. Straub alikuwa katikati ya lile rundo. Alikuwa meja wakati huo, mwenye watoto. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele, kama anayetaka kumshika mtu bega.

Ngome ilianguka siku hiyo. Mchana walipokuwa wakipekua nyumba ya kamanda wa Waturuki, walikuta wanawake wawili kwenye chumba cha nyuma, wameshikilia kitambaa kikubwa cheupe, sindano zimo bado. Walikuwa wakishona bendera ya kusalimu amri. Walikuwa wamebakiza upande mmoja.

Fahl alimkuta Trauneck amekaa juu ya jiwe, chini ya ule ukuta. Mhandisi alikuwa akilia kwa hasira, na ile hasira ilimpa ujasiri.

"Mheshimiwa, naomba uniambie kitu kimoja. Ulikuwa unamkimbilia nani mle ndani?"

Trauneck aliendelea kulitazama tundu.

"Kwa sababu hao hawakuwa na haja ya kufa," alisema Fahl, akionyesha lile rundo. "Hata mmoja."

Hapo ndipo Trauneck alipoelewa hesabu yake yote, na naomba msomaji asiipite haraka. Pale mtoni alikuwa mwoga, na woga wake peke yake haukumwua mtu. Kilichomwua Blasius kilikuwa kichwa kilichoinama. Sasa alikuwa shujaa, shujaa wa kweli, mwenye miguu yake mwenyewe, na ushujaa wake ulikuwa umelijaza tundu la ukuta. Alikuwa amechukua miili ya watu wengine akajisugua nayo, apate kutakata. Na alipojitazama, uchafu ulikuwa pale pale, na wao hawakuwapo tena.

Mji mkuu ulimpokea kwa kengele.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkabaila Sigmund Wildenau, mzee wa baraza aliyekuwa na neno katika kila jambo la jeshi. Wildenau alimpokea bustanini, akiwa anakata matawi ya mwaridi yaliyokauka. Trauneck alimweleza kila kitu bila kupamba: mkanda wa tandiko, mguu, zizi, Blasius, ukuta. Alizungumza akiwa amesimama wima, kama mtu anayetoa ripoti. Alipomaliza, Wildenau aliweka mkasi chini.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Keti. Nitakuuliza, Trauneck, bila hasira: unataka nifanye nini?"

"Nishtakiwe."

"Kwa kosa gani? La kushinda mara mbili?" Mzee alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Sikiliza. Kuna vijana wanaovuka mito leo kwa sababu wanaamini uliuvuka ule. Nikiwaambia hukuuvuka, mito itabaki, na vita vitabaki. Wao watakosa tu kitu cha kuamini wanapokufa. Ukweli wako ungemfaa mtu mmoja sana, jioni moja. Leo ni ugonjwa wako binafsi. Nenda milimani, upumzike."

"Mimi sikuwapo, Mheshimiwa. Mnampigia kengele mtu ambaye hakuwapo."

"Sisi sote tunapigiwa kengele hizo," alisema Wildenau, akaushika tena mkasi. "Tofauti ni kwamba wengine tumezoea."

Basi akaenda milimani. Hakwenda kupumzika. Alikwenda Valtrein.

Bonde lile lilikuwa jembamba, na theluji ilikuwa ikiyeyuka, kiasi kwamba maji yalisikika kila upande. Mwenye nyumba ya wageni alipoona koti lake alikaribia kuanguka kwa kuinama. Trauneck aliuliza nyumba ya akina Oberlechner. Uso wa yule mtu ukafunga.

"Mheshimiwa hana shughuli na watu wale," alisema. "Kulikuwa na kijana wao aliyeleta fedheha hapa. Hukumu yake ilisomwa kanisani, mbele ya watu wote. Siku hizi hatulitaji jina lake, hata siku ya kuwaombea marehemu."

"Nionyeshe nyumba."

Mamake Blasius aliitwa Notburga. Alimkuta akigeuza nyasi ghalani kwa uma wa mbao, mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa nguo nyeusi iliyogeuka kijivu kwa kufuliwa. Hakuacha kazi.

"Kama umekuja kuchukua mbuzi kwa ajili ya jeshi, wameshachukuliwa," alisema.

"Mama, mimi ni Trauneck. Nilikuwa kanali wa mwanao."

Uma ukasimama.

Alimweleza. Kwa Wildenau alikuwa ametoa ripoti; hapa maneno yalitoka yakiwa yamevunjika, mengine yalirudi ndani, ikabidi ayaanze tena. Notburga alisikiliza akiwa ameegemea uma. Masimulizi yalipofika kwenye ukumbi wa ile hoteli, mama alinyanyua mkono kumsimamisha.

"Alisema nini? Sema maneno yake."

"Alisema: kulikuwa na ukungu, sikuona mtu."

"Blasius alikuwa anaona mbuzi ng'ambo ya bonde hili wakati baba yake haoni hata mlima. Alikuona."

"Ndiyo, mama. Aliniona."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza. Miaka yote nimejiuliza kwa nini. Alinihurumia? Aliniogopa? Sijui."

Notburga alimtazama kwa muda mrefu, na katika kutazama kule hapakuwa na Jenerali. Alikuwa akimtazama mtu wa umri wake, mwenye mafua, aliyesimama juu ya nyasi zake.

"Hujui?" alisema. "Mimi mamake najua. Alidhani utamsaidia. Alinyamaza ili upate nafasi ya kumsaidia bila wewe kuaibika. Alikuachia mlango wazi, akangoja upite. Alingoja mpaka walipomsimamisha ukutani."

Trauneck alikuwa amefikiria kila jibu isipokuwa lile. Na lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu yeyote aliyewahi kumwamini mwenzake angeliona mara moja.

"Niambie nifanye nini," alisema.

"Jumapili utasema kanisani. Pale pale walipoisoma hukumu yake."

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari ilikuwa imeenea kwamba shujaa mkubwa yumo bondeni. Walimwekea kiti cha mbele. Notburga alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye benchi ambalo hakuna mwingine aliyelikalia. Baada ya misa Padri Gallus, mzee mpole mwenye kigugumizi, alimkaribisha Jenerali awape waumini neno la kuwatia moyo.

Trauneck alisimama, akawageukia. Alisema alikuwa amejificha zizini pamoja na Blasius Oberlechner. Alisema Blasius alimwona na hakumtaja, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na uwezo wa kumwokoa, akainamisha kichwa. Alisema jina lile mara mbili, kwa sauti iliyozoea viwanja, na waliolisikia walishtuka kama waliosikia tusi.

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mwenye nyumba ya wageni akamnong'oneza mkewe, na mnong'ono ukapita benchi kwa benchi, na Trauneck akaona nyuso zikilainika. Walikuwa wakimhurumia. Mzee mmoja alikuwa akifuta machozi. "Ona moyo wake ulivyo mkubwa," mtu alisema. "Anajibebesha aibu ya askari wake."

Padri Gallus alimshika mkono kwa upole.

"Je-Jenerali amechoka," aliwaambia watu. "Vita vimemchosha. Tumwombee."

Trauneck alitaka kusema tena, na sauti haikutoka. Ilikuwa ile ile kelele ya mtoni, ila safari hii ilikuja kwa huruma, nayo ilikuwa laini, ikimvika, ikimfunga vifungo. Aliona watu wakianza kupiga magoti. Alijua kwamba angeendelea kuishi hivi, na angekufa hivi, na kwamba hakuna mlango mwingine.

"Hapana," alisema mtu nyuma.

Notburga alikuwa amesimama. Alitembea katikati ya kanisa, viatu vyake vya mbao vikigonga mawe, mpaka akafika mbele. Hakumtazama Padri.

"Hajachoka," alisema. "Ameshasema. Alijificha, akamwacha mwanangu auawe. Msimpambe. Mwacheni awe alivyosema."

Waliopiga magoti walibaki wakiwa nusu wima, hawajui wainuke au washuke. Padri Gallus alimwachia Trauneck mkono, polepole, kama mtu anayegundua ameshika kitu kisicho chake.

"Mama," alisema Trauneck, "naomba..."

"Usiombe. Sina cha kukupa." Kisha akamgeukia Padri. "Lisome jina la mwanangu."

Padri alifungua mdomo. Kigugumizi kilimshika kwenye herufi ya kwanza, ikamchukua muda, watu wote wakingoja, na hatimaye jina likatoka lote. Notburga alijifanyia ishara ya msalaba, akageuka, akatoka. Wakaanza kumfuata, kwanza mmoja, kisha wawili wawili, kisha wote. Kila mmoja alipompita Trauneck alimtazama usoni, akayaona macho yake, pua yake nyekundu kwa mafua, mikono yake ya kizee, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu.

Yeye alisimama pale mpaka wa mwisho alipopita. Aibu ilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni, na kichwa chake kilikuwa kimeinuka.